Mtaa Ulioshinda kwa Jedwali: Uchambuzi wa Mradi wa Wanafunzi wa Kuchagua Pa Kuishi Unguja

Kazi waliyopewa wanafunzi hawa wa mwaka wa pili wa chuo ilikuwa nyepesi kwa maneno yake: wachague mahali panapofaa zaidi kuishi kisiwani Unguja kwa kaya moja inayohamia kutoka Wete, Pemba, na waonyeshe njia waliyoitumia kufikia uamuzi huo. Kaya yenyewe ilielezwa kwa aya moja tu. Mume amehamishiwa katika ofisi ya Serikali iliyopo mjini. Mke hushona nguo nyumbani. Watoto watatu wanasoma, mkubwa yupo sekondari na mdogo ndiyo kwanza anaanza msingi. Na mama mzazi wa mume, mwenye ugonjwa wa kisukari na magoti yanayomsumbua, hawezi kuachwa peke yake. Wanataka kukodi nyumba kwa miaka miwili, kisha, Mungu akijaalia, wajenge. Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo alama zitakazotajwa ni makadirio ya kikundi na si vipimo vya ofisi yoyote, ingawa mitaa, sheria na takwimu za sensa ni za kweli.

Kikundi kilichagua sehemu tano za kulinganisha: Mji Mkongwe, Michenzani, Bububu, Fuoni na Tunguu. Orodha hii ina busara kuliko inavyoonekana kwa haraka, kwa sababu kila sehemu inawakilisha namna yake ya kuishi Unguja. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, ni wa nyumba za mawe zilizobanana na vichochoro visivyopitika kwa gari. Michenzani ni majumba ya ghorofa yaliyojengwa Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Bububu ipo kandoni mwa barabara ya kaskazini, na daladala ya namba 502 inajulikana na kila mtu. Fuoni ni mfano wa upande wa Magharibi, ambako mashamba yamegeuka mitaa ndani ya kipindi ambacho wazee wengi wanakikumbuka vyema. Tunguu ipo Mkoa wa Kusini, na ndiko vilikopelekwa vyuo vikuu na baadhi ya shughuli za Serikali.

Utangulizi wa ripoti uliegemea sensa, na hapo ndipo penye kosa la kwanza, dogo lakini linalofungua njia kwa mengine. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 watu wa Zanzibar waliongezeka kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi ulipanda kutoka 593,678 hadi 893,169, yaani ongezeko la nusu nzima, ilhali Kusini Unguja ulipanda kutoka 115,588 hadi 195,873, ongezeko la karibu asilimia 69, ambalo ni kubwa kuliko la mkoa mwengine wowote wa visiwa hivi. Wanafunzi walilichukua ongezeko hilo kuwa ushahidi kwamba Tunguu inapendwa. Hoja haisimami. Watu huhamia panapopatikana kiwanja wanachoweza kukilipia, na hilo peke yake halisemi kama wanaishi vizuri wakishafika. Isitoshe, Mkoa wa Kusini si Tunguu pekee; ndani yake mna Paje, Jambiani na Makunduchi, na ukanda wa pwani ya mashariki una ajira za hoteli zinazovuta watu kwa sababu zisizohusiana kabisa na kaya ya mtumishi wa Serikali anayefanya kazi mjini. Takwimu ya mkoa mzima imetumika kuhukumu kijiji kimoja, na mtindo huohuo wa kuhukumu kidogo kwa jina la kikubwa ndio uliokuja kuiharibu ripoti katika sehemu yake iliyo muhimu zaidi.

Vigezo vilikuwa sita: kodi ya nyumba, usafiri, maji, usalama wa mafuriko, ukaribu wa hospitali na skuli, na nafasi ya kujenga baadaye. Kila kigezo kilipewa alama kuanzia 1 hadi 5, na vyote vilihesabiwa kuwa na uzito sawa. Fuoni ilipata 4 katika kodi, 4 katika usafiri, 4 katika maji, 1 katika mafuriko, 4 katika hospitali na skuli, na 4 katika nafasi ya kujenga, jumla 21. Tunguu ilipata 4, 2, 3, 5, 2 na 4, na Bububu 3, 4, 3, 4, 3 na 3. Zote mbili zikafika 20. Mji Mkongwe ulipata 1, 5, 3, 4, 5 na 1, na Michenzani 2, 5, 2, 4, 5 na 1, na zote mbili zikaishia 19. Ripoti ikamalizia kwamba Fuoni ndiyo mahali bora kwa kaya hii.

Msomaji makini atauliza mara moja kuhusu ile alama 1. Mahali palipopata alama ya chini kabisa katika mafuriko panawezaje kuwa pa kwanza kwa familia yenye ajuza asiyeweza kutembea haraka na fundi wa nguo ambaye cherehani na vitambaa vyake vyote vipo chini, sakafuni mwa chumba cha mbele? Jibu lipo katika namna ya kujumlisha. Jumla ya alama huruhusu kasoro moja kubwa ifidiwe na mazuri mengi madogo, na kuna kasoro zisizofidika. Jahazi lenye tanga jipya, mlingoti imara na usukani mzuri, lakini lenye tundu chini ya mstari wa maji, halifai kusafiria hata likishinda kwa vipengele vitatu kwa kimoja. Kabla ya kujumlisha chochote, kikundi kilipaswa kuweka kiwango cha chini katika vigezo visivyovumilika, na sehemu isiyokifikia iondolewe bila kuangaliwa mengine. Kwa kaya hii, visivyovumilika ni viwili au vitatu: maji kuingia ndani ya nyumba wakati wa masika, ngazi ndefu kwa bibi, na pengine ukosefu wa njia ya kumfikisha kliniki pasipo gari ya kukodi. Kwa kigezo cha ngazi, Michenzani ingeondoka mapema, isipokuwa pakipatikana nyumba ya chini, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zingeifuata. Kwenye jedwali la wanafunzi hapakuwa na safu ya ngazi kabisa, ingawa maelezo ya kaya yaliyataja magoti ya bibi kwa maneno yaliyo wazi.

Hata hivyo, kuiondoa Fuoni kwa sababu ya alama yake ya mafuriko nako kungekuwa ni dhulma, na hapa ndipo kisa hiki kinapofundisha zaidi. Hakuna kitu kiitwacho mafuriko ya Fuoni. Kuna bonde la Kibonde Mzungu, ambalo masika makubwa hulijaza hadi barabara ikakatika, na kuna miinuko isiyo mbali na bonde hilo ambako mvua hiyohiyo hupita na kuacha utelezi tu. Mambo ni hayohayo Mwanakwerekwe, ambako maji yakishatuama, nyumba moja huogelea na ya jirani ikawa kavu kwa sababu imejengwa juu ya mtelemko. Tofauti iliyopo kati ya nyumba mbili za Fuoni inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti iliyopo kati ya Fuoni na Bububu. Kaya haitaishi katika jina la mtaa. Itaishi katika nyumba moja, iliyo katika kimo kimoja cha ardhi, yenye njia moja ya kutokea.

Vigezo sita vya kikundi, kwa hiyo, vilikuwa vya aina mbili vilivyochanganywa bila kutambuliwa. Kodi, umbali wa hospitali na urahisi wa daladala ni mambo ambayo kweli hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na mtu anaweza kuyazungumza kwa jina la mtaa bila kukosea sana. Mafuriko, maji ya kutumia na hali ya kiwanja hubadilika ndani ya mtaa, wakati mwengine kutoka upenu mmoja hadi mwengine. Kuyapa haya ya pili alama moja ya mtaa mzima ni sawa na kutoyapima. Utaratibu ulio sahihi ulikuwa na hatua mbili: kwanza kutumia yale ya aina ya kwanza kupunguza mitaa mitano hadi miwili, kisha kwenda kutafuta nyumba halisi katika mitaa hiyo na kuzipima kwa yale ya aina ya pili. Wanafunzi walisimama katikati, wakatoa jibu la hatua ya kwanza kana kwamba ni la mwisho.

Wakati wa kukusanya habari nao ulichangia. Mahojiano yalifanyika Januari, katika kiangazi, kaskazi ikivuma na vumbi likiruka, ambapo hata bonde lililo baya kabisa huonekana uwanja wa kuchezea mpira. Masika ya Unguja huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na ndiyo mvua kubwa ya mwaka; vuli huja mwishoni mwa mwaka na kwa kawaida ni nyepesi zaidi. Si lazima utafiti usubiri masika, lakini ukifanyika kiangazi unahitaji kutafuta alama ambazo masika yaliziacha. Lipu iliyobadilika rangi kwa mstari ulionyooka usawa wa goti ni ushahidi bora kuliko jibu la mwenye nyumba anayetaka mpangaji. Kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali, mifuko ya mchanga iliyosahauliwa nyuma ya banda, na karo, yaani shimo la maji machafu, lililojengewa juu ya usawa wa ardhi vyote vinazungumza. Swali kwa majirani nalo lilihitaji kuwa la tukio na si la hali: masika yaliyopita maji yalifika wapi, mlilala wapi usiku ule, skuli ilifungwa kwa muda gani. Kikundi kiliuliza tu kama eneo lina mafuriko, na majibu yakawa mafupi kama swali lenyewe.

Kuhusu uzito wa vigezo, ripoti ilisema kwamba uzito sawa ndio unaoepuka upendeleo. Dai hili husikika mara nyingi katika kazi za wanafunzi, nami silikubali. Kuvipa vigezo vyote uzito sawa ni uamuzi pia, na ni uamuzi mzito, kwa kuwa unasema kwamba kwa kaya hii nafasi ya kujenga baada ya miaka miwili ina thamani sawa na bibi kufika hospitali mwezi huu. Jaribio dogo linatosha kuonyesha udhaifu wake. Kigezo cha mafuriko kikihesabiwa mara mbili, Tunguu inafika 25, Bububu 24, Mji Mkongwe na Michenzani 23 kila moja, na Fuoni 22. Mshindi wa jana anakuwa wa mwisho. Usafiri ukihesabiwa mara mbili badala yake, Fuoni inarudi juu kwa 25, na Tunguu inaporomoka hadi 22. Usafiri pamoja na hospitali na skuli vikihesabiwa mara mbili vyote, Fuoni, Mji Mkongwe na Michenzani zinagongana kwa 29. Matokeo yanayopinduka kwa kuguswa uzito mmoja tu hayastahili kuandikwa kwa herufi nzito kwenye ukurasa wa mwisho. Kikundi hakikufanya jaribio hili, ingawa lilihitaji muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Jaribio lile la mwisho linafichua pia kwamba usafiri na ukaribu wa hospitali vimefungamana. Sehemu zilizopata 5 katika kimoja zilipata 5 katika chengine, kwa sababu vyote viwili, kwa kiasi kikubwa, hupima umbali kutoka katikati ya mji. Kwa hiyo hata katika jedwali lililodaiwa kuwa na uzito sawa, ukaribu na mji ulikuwa umekwishahesabiwa mara mbili kimyakimya. Alama za usafiri zenyewe zilipatikana kwa kupanda daladala saa nne asubuhi, saa ambayo wafanyakazi wameshafika makazini na wanafunzi wameshaingia darasani. Hilo halihitaji maelezo marefu: safari inayomhusu mume huyu na watoto wake ni ile ya alfajiri kuelekea saa moja, na ya kurudi jioni.

Alama za maji zinastahili muda zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya Unguja hutoka chini ya ardhi, kwa visima na chemchemi, na tangu zama za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mji umekuwa ukiletewa maji kwa mifereji kutoka chemchemi za nje yake. Fuoni ilipewa 4 kwa kuwa nyumba zilizotembelewa zilikuwa na visima vya uani ambavyo havikauki. Ni kweli kwamba kisima kisichokauka ni neema. Lakini mitaa iliyojengwa bila mpango haina mabomba ya maji machafu. Kila nyumba huchimba karo lake, na viwanja vikiwa vidogo, karo la jirani linaweza kuwa karibu na kisima chako kuliko choo chako mwenyewe. Pale maji ya chini ya ardhi yalipo juu, kama ilivyo mabondeni, masafa hayo huwa na maana kubwa zaidi, na Zanzibar imeshapata miripuko ya kipindupindu ya kutosha kutufanya tusiulize tu kama maji yapo. Kigezo kimoja cha maji kilipaswa kugawanywa viwili, wingi na usafi, na kile cha usafi kilipaswa kuingizwa katika visivyovumilika. Ni jambo la kusikitisha kwamba nyumba iliyopo bondeni ingeweza kupata alama nzuri za maji kwa sababu ileile inayoifanya iwe ya hatari: maji yapo karibu.

Nafasi ya kujenga nayo ilipimwa kwa bei ya kiwanja peke yake. Baada ya Mapinduzi ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma, na Sheria Namba 12 ya 1992 inayohusu umiliki wa ardhi imeendeleza msingi huo, kwamba anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia ardhi. Sehemu ya ardhi inayouzwa leo pembezoni mwa mji inatokana na mgao wa eka tatu tatu uliofuata Mapinduzi, mgao uliokusudiwa kilimo. Kiwanja cha bei nafuu kinachosindikizwa na karatasi iliyosainiwa mbele ya sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa, na mashahidi wawili hakilingani na kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa, hata kama ukubwa ni mmoja, kwa sababu mnunuzi wa kile kiwanja cha karatasi anaweza kujenga na baadaye akaambiwa kwamba msingi wake upo kwenye njia ya maji au ya barabara. Nilitarajia wanafunzi waliokaa darasani kwa muhula mzima wakisoma mipango miji walione hili bila kuambiwa.

Kuna sehemu ya sita ambayo haikuwemo kwenye orodha, nayo ni Wete. Hakuna aliyeuliza kama kaya yote ilazimike kuhama. Familia nyingi za Pemba zimezoea mpango wa mume kukodi chumba Unguja na kuvuka kwa boti kwenda nyumbani kila anapopata nafasi, na mpango huo una gharama zake na faida zake zinazohesabika. Watoto wasingebadilisha skuli katikati ya masomo, mke asingepoteza wateja wake wa mtaani, na nyumba ya Wete haitozwi kodi na mtu. Kwa upande mwengine kuna nauli, kuna matumizi ya nyumba mbili kwa mshahara mmoja, na kuna miezi ya kusi kali ambapo bahari baina ya visiwa hivi si ya kila mtu. Uchambuzi wa mahali pa kuishi usiolinganisha kuhama na kubaki umejibu nusu ya swali, hata kama mwalimu mwenyewe, kwa namna alivyoandika kazi, aliwaelekeza katika nusu hiyo.

Kubaki kungehitaji kumuuliza bibi, na bibi hakuwa ameulizwa. Mahojiano ya kaya yalikuwa ya simu, na aliyejibu kila swali alikuwa mume. Kikundi kilipotakiwa kurudia, mmoja wao alimpigia simu, akamsalimu shikamoo Bibi, akaitikiwa marahaba mwanangu, na kabla hajafika kwenye dodoso lake akaulizwa yeye maswali mawili: choo cha hiyo nyumba ya Unguja kipo ndani au uwani, na karafuu zikiiva nani atasimamia uchumaji. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwemo kwenye jedwali. La kwanza ni kigezo cha nyumba, na ni kisichovumilika kwa mgonjwa wa kisukari anayeamka mara kadhaa usiku. La pili linahusu pato la kaya, na linaweza kulazimisha mtu mmoja awepo Pemba kila msimu wa karafuu, jambo linalobadilisha hesabu ya nauli kwa namna ambayo bei ya kodi ya Fuoni au Bububu haiwezi kuifuta.

Uamuzi wangu juu ya kaya hii, kwa habari zilizopo, ni kwamba kuhama wote kuna nguvu zaidi kuliko kubaki, kwa sababu kliniki ya bibi na sekondari ya mtoto mkubwa ni mahitaji ya kila wiki, na mume ndiye tegemeo la yote mawili. Mitaa ya kutafuta nyumba iwe miwili, Bububu na sehemu za juu za Fuoni. Tunguu iachwe, kwa kuwa faida yake kubwa ni ya kujenga, na kujenga si kwa mwaka huu. Nyumba itafutwe isiyo na ngazi, yenye choo cha ndani, ambayo ukuta wake umekaguliwa kwa alama za maji na ambayo masafa ya kisima na makaro ya pande zote yamepimwa kwa futi kamba na si kwa macho. Kiwanja kisinunuliwe popote kabla kaya haijakaa Unguja masika mamoja kamili na kujionea yenyewe maji yanakopita. Msimu wa karafuu mke arudi Wete na bibi ikiwa afya itaruhusu, na nauli hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, si iombwe kwa jamaa ikifika.

Kikundi kimetakiwa kuirejea ripoti kwa hatua mbili zilizoelezwa, kikianza na nyumba tatu za Fuoni na tatu za Bububu, na safari hii jedwali liwe na safu ya ngazi, ya choo, na ya usafi wa maji, huku safu ya kujenga ikiondolewa hadi itakapohitajika.